Punguzo la Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua ili niandike hatua za kazi niliyopewa, lakini mimi nikishika kalamu siwezi kuishia kwenye hatua. Basi na liwe daftari la msimu huu wa mvua, ulioanza leo alfajiri kwa kishindo juu ya mabati.

Kazi yenyewe ni hii. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ana ukumbi wenye cherehani kumi na mbili. Watu huja kwa mambo matatu: kujifunza kushona, kukodi cherehani kwa saa ili washone vya kwao, na kununua uzi, zipu na vifungo. Mpaka juzi nafasi zilikuwa zinaandikwa kwenye kitabu kikubwa, na malipo kwenye kitabu kingine. Sasa amenunua mfumo wa kompyuta. Mteja anaweka nafasi kwa simu yake, anaweza kulipa hukohuko au akifika kaunta, na risiti inatoka yenyewe. Kilichobaki ni kuuambia mfumo huo kodi ya mauzo ikatwe wapi na isikatwe wapi.

"Mjomba, wewe umefundisha hesabu miaka thelathini na sita," aliniambia. "Mimi nikiliona tu neno kodi, kichwa kinaanza kugonga."

"Kinagonga kwa sababu hakijaelezwa," nilimjibu, nikavuta kiti.

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya kazi tangu saa tatu hadi saa nane mchana. Nitaeleza nilivyofanya, ili atakayekuja baada yangu asihangaike.

Kodi ya mauzo ni fedha ya serikali inayopita mkononi mwa mwenye duka. Mteja anaitoa, mwenye duka anaitunza hadi mwezi uishe, kisha anaipeleka inakohusika. Kwa hiyo nimegawa kila kinachouzwa katika makundi matatu. Mafunzo hayana kodi, kwa kuwa ukumbi umesajiliwa kama chuo kidogo na cheti kimetundikwa. Kukodi cherehani kuna kodi ya kumi na tano kwa mia. Bidhaa zina kodi hiyohiyo.

Kwa kila kundi mfumo unauliza maswali, na la mwisho ni hili: bei ulizoandika, tayari zina kodi ndani yake? Bidhaa aliziingiza mpwa wangu mwenyewe kabla hajaondoka kwenda kununua vitambaa, akajibu ndiyo. Kundi la kukodi nililiingiza mimi, nikajibu hapana. Kwangu bei ni bei na kodi ni kodi, kila moja ikae mahali pake. Saa moja ya cherehani ni 2,300. Sijui kwa nini hakuifanya 2,000 au 2,500, lakini vijana wa siku hizi wana mambo yao.

Mwishoni nikafunga sehemu ya mipangilio kwa neno la siri, mtu asije akavuruga. Neno hilo ninalijua mimi peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Mfumo umeanza kazi.

Karani wa kaunta ni mwanamke aliyevuka miaka arobaini. Tunamwita Redio kwa sababu sauti yake inafika cherehani ya mwisho hata zote zikiwa zinazunguka. Saa nne asubuhi nikaisikia hiyo sauti ikiniita.

"Mwalimu! Hebu njoo uone. Kompyuta yako inatoza zaidi."

"Inatoza kodi, dada. Hilo ndilo jambo jipya."

"Najua kodi. Lakini huyu mama hapa amekuja na..."

"Ngoja nikueleze."

Nikamweleza. Nilichukua karatasi, nikachora duara, nikaligawa vipande, nikaanza na maana ya asilimia. Alinisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye foleni iliyokuwa nyuma ya mgongo wangu. Baada ya dakika kama ishirini akasema, "Sawa, Mwalimu. Nimeelewa."

"Na kule kwenye mipangilio usiguse kitu."

"Nitagusaje, na umefunga?"

Fundi, ambaye ndiye anayefundisha kushona, alipaza sauti kutoka kwenye meza yake ya kukatia: "Jamani, leo Redio imezimwa!" Wateja wakacheka. Redio mwenyewe akacheka pia, kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua kutwa. Wateja wanne.

Jumatatu, 11 Machi

Mpwa wangu amerudi na marobota yake ya vitambaa, yamelowa pembeni. Nilimwambia mfumo unakwenda kama saa. Akanishukuru mbele ya watu, na sikatai kwamba nilijisikia vizuri.

Neno moja kuhusu Redio. Ni mchangamfu, lakini simwoni kama mtu wa hesabu. Kila akitaka kutoa risiti midomo yake inachezacheza kwanza, kama anayeomba dua, ndipo anabonyeza. Kompyuta inahesabu, sasa yeye anahesabu nini? Tena anaongea na wateja mambo ambayo hayahusu ushonaji: nani kajifungua, nani kahama. Foleni inachelewa. Nimefikiria kumwambia mpwa wangu, nikaona ningoje.

Ijumaa, 15 Machi

Bati limetoboka juu ya cherehani ya saba. Ndoo imewekwa. Fundi anasema sasa tuna cherehani kumi na moja na kisima kimoja.

Ijumaa, 22 Machi

Mpwa wangu ameniuliza jambo. Watu waliokuwa wakilipa kwa simu wiki ya kwanza wanazidi kupungua. Wengine wanaweka nafasi kwa simu lakini wanangoja wafike kaunta ndipo walipe.

Nikamweleza habari za mtandao wakati wa mvua, minara na radi. Alitikisa kichwa polepole. "Inawezekana, Mjomba," akasema.

Jumatatu, 25 Machi

Mafua.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nitaandika kwa urefu, maana kilichotokea ni kizito.

Asubuhi mpwa wangu alianza kuandaa ritani ya kodi ya mwezi wa tatu, yaani taarifa ya mauzo na kodi yake, ambayo lazima ipelekwe kufikia tarehe ishirini. Akafungua ripoti ya mwezi. Ndani yake kuna safu inayoitwa punguzo, yaani kiasi ambacho karani ameamua kumpunguzia mteja. Hatujawahi kutangaza punguzo lolote. Jumla ilikuwa 73,140.

Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanigeuzia kompyuta. Mfumo hauruhusu punguzo bila kuandikiwa sababu. Mstari baada ya mstari, sababu ilikuwa neno moja: mvua. Mvua. Mvua. Mvua.

"Punguzo la mvua!" mpwa wangu akasema. "Mjomba, umewahi kusikia mtu anapunguziwa bei kwa sababu ya mvua? Anachukua bei kamili, anaandika punguzo, tofauti inaingia kwenye mkoba wake. Na mimi niko barabarani nabeba marobota."

Akamwita Redio. Nilikuwepo, nimekaa pembeni ya kabati, na niliyasikia yote.

"Dada, hili punguzo ni la nini?"

Redio akainama kwenye kioo, akasoma. Hakuonekana kushtuka. "Ah, hilo. Hilo ni la kurudisha bei ya ukutani. Kompyuta inatoza zaidi, na mimi siwezi kumwambia mtu bei ya ukutani ni uongo. Kwa hiyo narudisha."

"Na mvua?"

"Inataka sababu. Nikaangalia nje."

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii mzaha, mama. Muulize Mwalimu. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa."

Mpwa wangu akanigeukia. Siwezi kusema sikuelewa nilichokuwa naulizwa. Aliniuliza wazi: "Mjomba, kompyuta inatoza zaidi?"

Nikasema: "Haitozi zaidi. Niliipanga mwenyewe."

Redio hakupaza sauti, na hilo lilinishangaza kuliko lolote. Alivua kamba ya funguo shingoni, akaiweka juu ya meza, akauliza kama anaruhusiwa kuchukua kikombe chake. Mpwa wangu akasema ndiyo, na kwamba mengine watayamaliza baada ya ritani kupelekwa, kwa mazungumzo au kwa polisi.

Alipotoka, Fundi alisimamisha cherehani. "Unga umemwagika?" akauliza. Redio ana watoto wawili shuleni na mama anayemuuguza nyumbani. Hilo nalijua kutokana na zile soga zake za kaunta ninazozilalamikia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Kiti cha kaunta kitupu. Mpwa wangu amekaa hapo mwenyewe asubuhi, akipokea wanafunzi wa madarasa tu. Ameniomba nishike kaunta kesho, yeye aende benki.

Ijumaa, 5 Aprili

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye pazia la kukunja pindo. Saa moja ya cherehani. Alikuwa ameshika 2,300 kamili mkononi, amezikunja. Nikabonyeza. Kompyuta ikaandika 2,645.

"Hiyo ni kodi, mama," nikamwambia. "Ngoja nikueleze."

"Baba, kodi imo," akasema.

"Imo wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu juu ya kichwa changu. Nilinyanyuka, nikageuka. Ubao wa bei uliochorwa kwa rangi upo juu ya kaunta tangu ukumbi ufunguliwe. Kukodi cherehani, saa moja, 2,300. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka: kodi imo. Nimekaa chini ya ubao huo mwezi mzima.

Mwalimu wa hesabu hahitaji karatasi kwa jambo kama hili. Elfu mbili, na kumi na tano kwa mia ya elfu mbili ni mia tatu: 2,300. Mpwa wangu alipanga bei yake vizuri sana, na mimi niliicheka. Kisha nikauambia mfumo kwamba kodi haimo, nao ukachukua kumi na tano kwa mia ya 2,300, yaani 345, ukaiweka juu. Mteja alikuwa anatozwa kodi mara mbili, na mara ya pili ni kodi juu ya kodi.

Yule mama alikuwa anangoja. Mpangilio ningeweza kuusahihisha, lakini kubadili kundi katikati ya siku kungefuta nafasi zilizowekwa za siku hiyo, na watu walikuwa mlangoni. Njia pekee ya kumtoza bei ya haki pale pale ilikuwa kitufe cha punguzo. Nikaandika 345. Mfumo ukaniuliza sababu.

Sababu nilikuwa naijua. Ni fupi, ingeenea kwenye kile kisanduku. Nilikaa vidole hewani mpaka yule mama akakohoa. Nje ilikuwa inanyesha. Nikaandika: mvua.

Nimefanya hivyo mara tisa leo.

Mchana nilifungua ripoti ya mwezi nikaisoma kama ninavyosoma daftari la mwanafunzi. Saa moja, 345. Saa mbili, 690. Saa tatu, 1,035. Saa mia mbili na kumi na mbili kwa jumla, na hakuna hata moja aliyoikosea. Ile midomo iliyokuwa ikichezacheza ilikuwa inafanya hesabu kwa kichwa, mbele ya foleni, huku akimuuliza mtu habari za mtoto mchanga. Katika miaka thelathini na sita nilikuwa na wanafunzi wachache wa namna hiyo, na wote niliwasifu.

Mwizi angebadilishabadilisha. Hakuna anayeiba kwa jedwali.

Mpwa wangu alirudi saa kumi. "Vipi kaunta, Mjomba?"

"Salama," nikasema.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikusema. Nilijiambia ana wateja wengi, nisimvuruge. Kisha nikajiambia nitasahihisha mpangilio kimyakimya, halafu niseme mfumo ulikuwa na hitilafu. Jioni niliusahihisha kweli, watu walipokwisha. Ilichukua dakika mbili: swali moja, kutoka hapana kwenda ndiyo.

Ni jibu langu, si hitilafu. Nimeliandika hapa ili nilione.

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya chai nilikwenda kwa mpwa wangu. Alikuwa anafua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na kwa mara ya kwanza maishani maelezo yangu yalikuwa mafupi. Nilisema nilijibu hapana pale palipotakiwa ndiyo, kwamba Redio aliniambia siku ya kwanza, na kwamba Ijumaa nilijua nikanyamaza.

Alikamua shati mpaka likakauka.

"Nilikuuliza, Mjomba," akasema. "Nilikuuliza mbele yake."

"Uliniuliza."

"Ningeamini neno lako hata ungeniambia mvua inatoka ardhini."

Alifuta mikono, akavaa viatu, nami nikamfuata.

Redio anakaa vyumba viwili mwisho wa barabara ya udongo. Alitufungulia akiwa na bakuli la uji na kijiko. Alikuwa anamlisha mama yake. Hakutukaribisha ndani wala hakufunga mlango. Tulisimama chini ya ukingo wa bati, mabega yakilowa.

Mpwa wangu aliomba radhi kwanza, kwa maneno mazuri. Redio alimsikiliza, kisha akasema, "Wewe ulidanganywa na karatasi. Yaliyokukuta yangemkuta yeyote." Akanigeukia mimi. "Lakini wewe, Mwalimu. Siku ile nilikwambia. Ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nikakueleza."

"Hukunisikia. Ulianza kunieleza kabla sijamaliza. Yule mama aliyekuwa mbele yangu alikuja na bei kamili mkononi, nami nilitaka kukuonyesha ubao. Nikaona nikikukatiza nitakuwa nimekosa adabu kwa mzee, tena mjomba wa bosi. Kwa hiyo nikaachia foleni iendelee na mimi nikatafuta njia."

"Kwa nini hukumwambia mpwa wangu aliporudi?"

"Nimwambie nini? Kwamba mjomba wake hajui hesabu?"

Ndani mama yake aliuliza kwa sauti ileile ya Redio, iliyochakaa kidogo: "Nani hao? Mbona hawaingii?"

"Ni watu wa kazini, mama."

"Kazi imerudi?"

Redio alitutazama, akatazama bakuli. "Bado tunaongea," akasema kwa sauti ya juu. Kisha kwetu, taratibu: "Nitarudi, kwa sababu nahitaji. Lakini neno la siri la kompyuta nalitaka mimi. Na kwa kuwa mlinitoa kama mwizi mbele ya Fundi, mseme ukweli mbele ya Fundi."

Jumatatu, 8 Aprili

Nimesema mbele ya Fundi, mbele ya wanafunzi saba na mteja mmoja aliyekuja kununua zipu. Fundi hakutania. Afadhali angetania.

Kisha nikamwandikia Redio neno la siri kwenye karatasi. Akalisoma, akalibadilisha pale pale mbele yangu, akaichana karatasi.

Alhamisi, 11 Aprili

Wateja arobaini na mmoja walilipa kwa simu, na huko hakukuwa na Redio wa kuwarudishia bei. Wengine wao walilipia saa moja, wengine mbili. Mpwa wangu anarudisha fedha, mimi nawapigia mmoja mmoja. Nimeomba mwenyewe.

Wengi hawakuwa hata wameona. Mmoja alinibariki. Mmoja alinitukana vizuri, kwa mpangilio. Lakini kijana mmoja mshona mabegi aliniambia: "Niliona, mzee. Sikulalamika. Nilihamia kwingine." Nilitaka kumweleza jinsi ilivyotokea. Nikamuuliza amehamia wapi na kama huko anapata anachotaka. Aliongea robo saa. Anahitaji cherehani ya ngozi, sindano nene, na saa za asubuhi mapema. Nimeyaandika, nimempa Redio.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Simu kumi na tatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Ritani imepelekwa, siku mbili kabla ya mwisho. Mpwa wangu aliandaa, Redio akaisoma mstari kwa mstari, mimi nikaletewa kusaini kama shahidi. Mpwa wangu ananiamkia kama zamani na kunipa chai. Kuna jambo moja tu: akiwa na swali la hesabu sasa anageuza shingo kuelekea kaunta. Simlaumu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua inaelekea kukatika. Leo saa tano Redio aliniita, kwa sauti yake yote, na cherehani zote zikiwa zinazunguka.

"Mwalimu! Swali."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya kaunta, upande wa wateja.

"Kuna mtu aliweka nafasi ya jana saa sita mchana, akalipa amana. Barabara yao ilikatika, hakuja, na kwa masharti yetu amana inabaki kwetu. Cherehani hakuitumia, na hakuna alichochukua. Hiyo amana inakatwa kodi, au haikatwi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema: kwamba kodi inafuata huduma, na huduma haikutolewa. Nilikuwa pia na la kusema kinyume chake, kwamba nafasi ilishikwa kwa ajili yake na kushika nafasi ni huduma. Yote mawili ningeweza kuyachorea duara. Redio alikuwa anangoja, kalamu mkononi, na midomo yake haikuchezacheza.

"Sijui," nikasema.

Cherehani ya Fundi ikasimama. "Amesemaje?"

"Amesema hajui," Redio akamjibu, bila kunitolea macho. Akaandika swali lile kwenye karatasi, kwa herufi zake kubwa, akamkabidhi mpwa wangu kaunta, akachukua koti la mvua. "Basi twende tukaulize, Mwalimu. Ofisi ya kodi inafungwa saa tisa."

Tulitembea kwa miguu, tukikwepa madimbwi. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika dirishani nilijisogeza pembeni, na yeye ndiye aliyezungumza.